Mwanafunzi wa sanaa na siri ya kujibu badala ya kunakili

KILA mwanafunzi wa sanaa hufikia siku ambapo mwalimu humwekea mezani picha ya kazi ya msanii mwenye jina kubwa, kisha akamwagiza aijibu kwa kazi yake mwenyewe.

Wengi hushika penseli na kuanza kuinakili kazi hiyo mstari kwa mstari. Wakimaliza, hujipima kwa kigezo kimoja tu: je, imefanana?

Hapo ndipo safari huanza kupotea njia. Anayeulizwa swali akalirudia neno kwa neno hajajibu, hata kama amelitamka vizuri kumliko aliyeuliza. Kadhalika, mwanafunzi aliyenakili mchoro wa bingwa ameonyesha kwamba mkono wake ni mwepesi, lakini bado hajasema lolote.

Huenda tofauti hii ikaonekana kuwa ya kinadharia. Hata hivyo, katika eneo kama Mosocho, lililo kilomita chache tu kutoka mji wa Kisii, ndiyo inayoweza kuamua iwapo kijana mwenye kipawa ataishi kwa kazi ya mikono yake, au atakuwa mmoja wa mamia wanaouza kitu kilekile kwa bei ileile.

Isitoshe, suala hili limepata uzito mpya nchini. Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, wakitakiwa kufuata mojawapo ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Sanaa, ambayo kwa miaka mingi ilifundishwa katika shule chache, sasa ina mkondo wake rasmi.

Basi mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto anayechagua mkondo huo atajifunza nini hasa, na kitamfaa vipi?

Mawe ya Tabaka

Anayetaka kuielewa hatari ya kunakili hahitaji kusafiri mbali na Mosocho. Kusini-magharibi mwa mji wa Kisii kuna Tabaka, kitovu cha uchongaji wa yale mawe laini yanayojulikana duniani kwa jina la mawe ya Kisii.

Jiwe hilo huchimbwa kwa mikono, nalo huwa na rangi mbalimbali: jeupe, la waridi, la kijivu, la manjano na hata la kahawia. Ulaini wake humruhusu mchongaji kulikata kwa msumeno au panga, kulichonga kwa patasi na kisu, na kulisawazisha kwa tupa. Baadaye huloweshwa maji na kusuguliwa kwa msasa mpaka likawa laini kabisa, kisha likakaushwa na kupakwa nta ili ling'ae.

Kwa desturi, uchimbaji na uchongaji umekuwa kazi ya wanaume, nao wanawake wakashika kazi ya kusugua, kupaka rangi na kutia nakshi. Zipo familia nyingi zilizojenga nyumba na kulipa karo kutokana na jiwe hilo.

Lakini mgeni anayezuru maduka ya vinyago Nairobi au Mombasa hukutana na kiboko yuleyule, sahani ileile yenye picha ya twiga, na seti ileile ya sataranji. Umbo linalouzika leo hunakiliwa na jirani kesho, na baada ya muda mfupi limejaa sokoni.

Matokeo yake yanaeleweka kwa urahisi. Vitu vinapofanana, mnunuzi hubakiwa na kigezo kimoja cha kuchagua, nacho ni bei. Dalali analijua hilo. Huhama kutoka kwa mchongaji mmoja hadi mwingine akimtafuta atakayekubali malipo madogo zaidi, na daima atampata.

Ni kutoka Tabaka hiyohiyo alikotoka Elkana Ong'esa, mchongaji aliyezaliwa mwaka 1944 na kusoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Sanamu yake ya jiwe, Ndege wa Amani, iliwekwa katika makao makuu ya Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, mjini Paris, Ufaransa. Mwaka 2014, Kenya iliposhiriki katika tamasha la utamaduni la taasisi ya Smithsonian mjini Washington, Marekani, Ong'esa alikuwa miongoni mwa wasanii waliofanya kazi mbele ya umma.

Jiwe la Ong'esa na jiwe la kiboko wa dukani ni jiwe la eneo moja. Hata zana hazitofautiani sana. Kinachozitenga kazi hizo mbili ni swali alilojiuliza mchongaji kabla ya kuinua patasi.

Kuzunguka kabla ya kutua

Kabla ya kuzungumzia namna ya kujibu kazi za wengine, ni vyema kueleza mwanafunzi wa sanaa hujifunza matawi gani, na kwa nini mwalimu mwema hamruhusu kutua kwenye tawi moja mapema.

Usanifu ni kupanga umbo, rangi na nyenzo ili kitu kitimize kazi fulani. Kikombe sharti kinyweke, bango sharti lisomeke, na nguo sharti ivalike. Kila tawi la usanifu hulifundisha jicho somo lake.

Usanifu wa michoro na herufi huhusu nembo, mabango, majalada ya vitabu na vifungashio vya bidhaa. Mwanafunzi wa Mosocho anaweza kuanzia kwenye maandishi ya kuta za maduka sokoni na kwenye michoro ya matatu za barabara ya Kisii. Mchoraji wa matatu anajua kwamba chombo chake kitapita mbele ya macho kwa sekunde chache tu, hivyo herufi zikisongamana ujumbe umepotea. Tawi hili hufundisha kusema mengi kwa machache.

Usanifu wa nguo hufundisha mrudio. Mfano bora uko karibu katika kila nyumba, nao ni kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayochapwa upande wa chini wa mji. Anayebuni kanga hupaswa kufikiria jinsi ua moja litakavyoonekana likirudiwa mara nyingi, na jinsi nguo itakavyosomeka ikiwa mwilini mwa mtu anayetembea. Batiki nayo hufundisha kufikiri kinyumenyume, kwa kuwa mahali palipopakwa nta ndipo pasipoingia rangi.

Ufinyanzi hufundisha subira. Chungu kilichokaushwa haraka hupasuka, na kilichobaki na unyevu huvunjika motoni. Vilevile, mfinyanzi huunda pande mbili kwa wakati mmoja, kwani mkono wa ndani na mkono wa nje husukumana.

Uchongaji ni kinyume cha ufinyanzi. Mfinyanzi huongeza udongo, ilhali mchongaji hupunguza jiwe, na kilichokwisha kukatwa hakirudi. Tawi hili hufundisha kuamua kabla ya kutenda.

Ususi na kazi ya shanga hufundisha hesabu. Wagusii wamesifika kwa vigoda vyao vya miguu mitatu ambavyo makalio yake hupambwa kwa shanga zilizopachikwa kwenye mbao. Pambo la namna hiyo halikamiliki bila kuhesabu na kugawa duara sawasawa.

Hata obokano, zeze kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane, ni somo la usanifu. Ukubwa wa mwili wake haukuchaguliwa kwa urembo tu, kwani ndio unaozaa ile sauti nzito inayokitofautisha chombo hicho na ala nyingine za nyuzi.

Mwanafunzi aliyepita katika matawi haya yote huwa na faida kubwa. Akirudi kwenye jiwe, analirudia akiwa na jicho la msusi na la mchora herufi.

Njia ya Magdalene Odundo

Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika maisha ya Mkenya ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wafinyanzi mashuhuri zaidi duniani.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Hakuanza na udongo. Alianza na usanifu wa michoro, akisoma Kabete huku akifanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara jijini Nairobi. Mnamo 1971 alikwenda Uingereza, akajiunga na kozi ya msingi ya sanaa mjini Cambridge, ambako wanafunzi hujaribu nyenzo na fani mbalimbali kabla ya kuchagua mojawapo. Ni katika kuzunguka huko alipokutana na udongo.

Angeweza kubaki Uingereza na kujifunza kwa wafinyanzi wa huko pekee. Badala yake, katika miaka ya 1974 na 1975 alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko alijifunza kufinyanga kwa mkono kutoka kwa wanawake wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, mfinyanzi ambaye baadaye picha yake iliwekwa kwenye noti ya naira 20.

Odundo alirudi pia Kenya kuchunguza ufinyanzi wa kienyeji. Aidha, alikwenda New Mexico, Marekani, kutazama vyungu vyeusi vya Maria Martinez, mfinyanzi wa jamii ya Wahindi Wekundu wa San Ildefonso. Alihitimu shahada ya kwanza mjini Farnham mwaka 1976, na shahada ya uzamili katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, mwaka 1982.

Vyungu vyake hujengwa bila gurudumu. Huupandisha udongo kwa mkono, akausugua uso wake mpaka ukawa laini, akaupaka tope jembamba na kuusugua tena. Kikichomwa katika moto wenye hewa ya kutosha, chungu huwa cha rangi nyekundu inayokaribia chungwa. Kikichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa, huwa cheusi.

Swali la kujiuliza ni hili: je, chungu cha Odundo ni cha Kigwari, cha New Mexico au cha Kenya? Anayekitazama huona shingo ndefu, tumbo lililojaa na mdomo uliopinda, mithili ya mwili wa mwanamke aliyesimama. Huona athari za wengi, ila hawezi kumtaja yeyote aliyenakiliwa.

Mwaka 2019 makumbusho ya Hepworth mjini Wakefield, Uingereza, yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake. Odundo hakutaka vyungu vyake visimame peke yao. Viliwekwa pamoja na kazi za wengine zilizomchochea, zikiwemo za Wafaransa Edgar Degas na Auguste Rodin, na za Ladi Kwali mwenyewe. Yaani alionyesha jibu pamoja na maswali yaliyolizaa. Mwaka uliotangulia maonyesho hayo aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu nchini Uingereza, na mwaka 2020 akatunukiwa hadhi ya Dame.

Wengine waliojibu

Odundo si wa pekee. Mtanzania Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea Makerere, alichora michoro mitano mikubwa katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, kazi iliyokamilika mwaka 1959. Masimulizi ya maisha ya Kristo yalikuwa yamechorwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Njau hakuwachukua watu wa Italia na kuwahamishia Murang'a. Aliyaweka masimulizi hayo katika vilima, mavazi na nyuso za Wakikuyu.

Mwaka 1965 Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, ambalo lilipatwa na janga la moto mwaka 1997. Kaulimbiu iliyohusishwa naye kwa miaka mingi iliwaonya wasanii wasinakili, kwa hoja kwamba anayenakili humfanya Mungu asinzie.

Hata mabingwa wa Ulaya wamejibu kazi za waliowatangulia. Mwaka 1957 Pablo Picasso alijifungia na picha moja ya Mhispania mwenzake Diego Velázquez, iliyochorwa mwaka 1656. Kutokana na picha hiyo alizaa mfululizo wa picha 58. Mtu aliyejulikana dunia nzima, akiwa na umri wa miaka 75, alikaa chini kama mwanafunzi na kuiuliza picha ya karne tatu zilizopita swali baada ya swali. Hakuna kati ya picha zile 58 inayoweza kudhaniwa kuwa ya Velázquez.

Hatua za kujibu

Je, mwanafunzi wa kawaida, asiye na tiketi ya kwenda Abuja wala Cambridge, atafanyaje? Kuna hatua zinazoweza kufuatwa hata penye daftari moja na penseli moja. Tuchukue mfano wa sanamu ambayo kila mkazi wa Kisii ameiona: familia iliyochongwa katika jiwe moja, baba, mama na mtoto wakiwa wameshikana, na kati ya mikono yao pana matundu.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Mwanafunzi aiweke sanamu mbele yake na kuitazama kwa dakika kumi bila kusema neno. Kisha aichore kutoka pande tatu. Halafu aache kuichora miili, achore yale matundu peke yake. Zoezi hili dogo hushangaza, kwa maana hugundua kwamba tundu nalo ni umbo.

Hatua ya pili ni kuuliza. Imetengenezwa kwa nyenzo gani, na nyenzo hiyo imemlazimisha mchongaji kufanya nini? Jicho huanzia wapi na huishia wapi? Mchongaji ameacha nini nje? Mathalani, kwa nini nyuso mara nyingi hazina macho wala midomo, na bado mtazamaji hatambui upungufu?

Hatua ya tatu ni kuchagua kanuni moja. Hapa ndipo kunakili na kujibu huachana. Anayenakili huchukua umbo, ilhali anayejibu huchukua wazo lililolizaa umbo. Katika mfano wetu, kanuni yaweza kuwa hii: nafasi tupu ndiyo inayowaunganisha watu hawa.

Hatua ya nne ni kuihamisha kanuni hiyo hadi tawi jingine. Mwanafunzi anaweza kubuni nembo ya kikundi cha akina mama wauza ndizi, ambamo nafasi kati ya vichane viwili huunda umbo la mikono iliyoshikana. Anaweza kubuni kitambaa ambacho mikono hurudiwa kutoka pindo hadi pindo. Anaweza pia kufinyanga kikombe ambacho mpini wake na tumbo lake vinaacha tundu la kupendeza kama lile la jiwe. Akihama tawi, hawezi kunakili hata akitaka, kwa sababu udongo na kitambaa havikubali kuwa jiwe.

Hatua ya tano ni kujaribu mara nyingi. Wazo la kwanza mara nyingi ni la kila mtu. La nne au la saba huanza kuwa la mwanafunzi mwenyewe. Majaribio yaliyoshindikana yasichanwe, yabaki daftarini pamoja na maelezo mafupi ya sababu ya kushindikana. Mwalimu anayelipitia daftari la namna hiyo huona fikira zikitembea.

Hatua ya mwisho ni kueleza. Mwanafunzi aandike sentensi chache: nimechukua nini kwa msanii huyu, nimebadilisha nini, na kwa nini. Asiyeweza kujaza sehemu ya pili bado ananakili, na arejee hatua ya tatu.

Haimaanishi kwamba kunakili hakuna nafasi kabisa. Ni zoezi la mkono lenye manufaa, kama mwanafunzi wa muziki anavyorudia ngazi za sauti. Kosa ni kulifanya zoezi kuwa kazi yenyewe, kulitia sahihi na kulipeleka sokoni.

Uhaba wa vifaa

Walimu wengi watasema kwamba nadharia hii ni tamu, lakini shule hazina rangi wala karatasi za kutosha. Malalamishi hayo ni ya haki. Rangi za mafuta ni ghali, na tanuri la kuchomea vyungu ni ndoto kwa shule nyingi.

Hata hivyo, kuna funzo kutoka kwa marehemu Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka 1928, na mwaka 1950 alijiunga na Makerere, akawa mwanamke wa kwanza kusomea katika shule ya sanaa ya chuo hicho, ambayo mizizi yake ni madarasa yaliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Baada ya hapo alifundisha shuleni kwa miaka mingi.

Alipoirudia sanaa kwa bidii katika miaka ya 1980, akiwa amekaribia umri wa miaka 60, hakuwa na uwezo wa kununua rangi. Akatwaa vifungashio vya sabuni ya Rexona na vya unga, akavikata vipande vidogo, na kuvibandika hata vikawa picha za wanyama, wanawake na mandhari ya mashambani. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika makumbusho ya Studio Museum, Harlem, jijini New York. Karuga alifariki mwaka 2021.

Ufukara wa vifaa ulimlazimisha kuwa tofauti. Mtu anapokosa rangi ya buluu ya dukani, hulazimika kuitafuta katika kipande cha karatasi ya sabuni, na buluu hiyo haitafanana na ya mwingine.

Mosocho nako hakukosi nyenzo. Kuna udongo, kuna nyuzi za mgomba, kuna makaa ya kuchorea, kuna magunia na mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani. Vumbi na vipande vinavyotupwa na wachongaji wa Tabaka navyo ni nyenzo kwa mwenye macho. Yote haya yanaweza kuingia darasani bila gharama kubwa.

Sheria inasemaje

Kuna sababu nyingine ya kumfunza kijana kujibu badala ya kunakili, nayo ni ya kisheria.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya sanaa, iwe mchoro au sanamu, katika uhai wa msanii na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo huanza kazi inapoundwa, hata kabla ya kusajiliwa, ingawa usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya humpa msanii ushahidi anapodhulumiwa.

Aidha, Sheria ya Mali ya Viwandani, pia ya mwaka 2001, huruhusu kusajiliwa kwa umbo au pambo jipya la bidhaa. Usajili huo hudumu miaka mitano, na unaweza kuongezwa mara mbili hadi ukafika miaka 15.

Lakini sheria hizo humlinda aliyebuni. Wazo la jumla, kama vile kuchonga kiboko, si mali ya mtu. Kinacholindwa ni namna mahususi ambayo msanii amelitoa wazo lake. Hivyo basi, mchongaji ambaye maisha yake yote amenakili kiboko wa jirani hana cha kusajili wala cha kutetea mahakamani. Aliyebuni umbo lake ana mali, na anaweza kuisimamisha mbele ya dalali na kutaja bei.

Wajibu wa mzazi na mwalimu

Baadhi ya wazazi bado huliona somo la sanaa kuwa kimbilio la walioshindwa na hisabati. Maelezo tuliyoyatoa yanaonyesha kwamba somo hili likifundishwa ipasavyo hudai utafiti, hesabu, kemia ya moto na rangi, historia, na uwezo wa kujieleza.

Vilevile, nafasi za kazi ni pana kuliko uchoraji wa picha za ukutani. Kila pakiti ya chai inayotoka katika vilima vya Gusii, kila kitabu, kila nguo, kiti na kikombe kimepitia mikononi mwa msanifu. Swali ni iwapo msanifu huyo atatoka hapa, au bidhaa zetu zitaendelea kuvalishwa mavazi yaliyobuniwa kwingine.

Mwalimu naye asiitoze kazi alama kwa kufanana peke yake. Amwulize mwanafunzi daftari lake, majaribio yake na sababu zake. Ampeleke Tabaka, na akifika huko asimwachie kununua kinyago tu, amketishe na mchongaji mzee ili amuulize kwa nini jiwe la waridi hukatwa vile na jeupe hukatwa hivi. Wachongaji hao ni maktaba, na maktaba hiyo haifunguliwi kwa kusimama mlangoni.

Mzazi, kwa upande wake, akimwona mwanawe akikata karatasi za sabuni au akichora tundu la kikombe badala ya kikombe chenyewe, asiharakishe kumkemea kwamba anapoteza wakati. Amwulize anatafuta nini. Mtoto akiweza kulijibu swali hilo kwa maneno yake, ujue ameanza kuwa msanii. Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza wa kwao waujue mchezo.